Kiingereza cha kuombea maji: shajara ya darasa la jioni, Moshi

Wiki ya 1, Jumanne

Wamejiandikisha 14, wamefika 11. Chumba ni cha kuazima huku Majengo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo tunasoma huku tukinusa rangi na wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Ratiba ni Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 1 na nusu, kwa wiki 12. Nimeanza masika kwa makusudi. Mvua zikishika, wageni wa mlimani wanapungua na wagumu wanabaki mtaani. Ukingoja Juni huwapati, wote wako njia ya Machame au Lemosho na mizigo ya kilo 20.

Waliopo ni wagumu watano (ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani), dereva mmoja wa watalii, mama anayeuza batiki, binti fundi cherehani, vijana wawili wa mapokezi katika nyumba za wageni, na mzee wa miaka 66 kutoka Uru anayewatembeza wageni kwenye shamba lake la kahawa. Tumekubaliana humu niwataje kwa kazi zao, majina yabaki kwao.

Swali la mradi liko ukurasa wa kwanza wa daftari: mtu aliyekaa sekondari miaka minne akifundishwa hesabu, jiografia na baiolojia kwa Kiingereza, kwa nini anashindwa kukiongea dakika moja? Dhana yangu ni kwamba msamiati hautoshi. Naitia wino mapema ili mwisho wa mradi nisije nikajifanya nilijua tangu siku ya kwanza.

Zoezi la kwanza: simama mbele, eleza kazi yako kwa dakika moja. Mgumu wa kwanza akataja jina lake, akaangalia dari, akarudi kukaa. Binti wa cherehani alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Mama Batiki alianza vizuri, akateleza neno moja, mtu wa nyuma akaguna, na hapo hapo akanyamaza. Mzee wa Uru hakunyanyuka kabisa. "Mwalimu, mimi leo nasikiliza." Aliyekwenda mbali zaidi alifika sekunde 22.

Wiki ya 1, Alhamisi

Zoezi lile lile. Safari hii mmoja mmoja anaingia stoo na simu yangu, anafunga mlango, anaeleza kazi yake, anatoka. Wasikilizaji ni mifuko ya saruji.

Nane kati ya 11 walipita dakika moja. Mzee wa Uru alikaa humo dakika nne na ushee, nikadhani ameshindwa kuzima simu. Kumbe anaeleza kahawa: kuchuma zilizoiva tu, kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga kwenye kinu, kukaanga kwenye chungu. Vitenzi vyake vyote viko wakati uliopo, hata vya mwaka jana, lakini ningekuwa mgeni ningeielewa kila hatua. Katikati akaimba kidogo wimbo wa kutwangia.

Dhana ya msamiati imekufa ikiwa na umri wa siku mbili. Mtu ni yule yule na maneno anayo. Kilichobadilika ni mlango kufungwa.

Wiki ya 2, Jumanne

Maji yameingia chumbani, darasa limeahirishwa. Nimebaki nyumbani na karatasi zangu.

Mwanaisimu Mmarekani Stephen Krashen, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alieleza habari ya chujio la hisia. Hofu ikipanda na kujiamini kukishuka, chujio linaziba, na lugha unayoisikia haifiki pale inapotakiwa kutulia. Picha hiyo naipenda, kila anayepika chai anaielewa, ila hainitoshi. Kwa Krashen kinachozuiwa ni kuingia. Kiingereza cha mzee wa Uru kilishaingia zamani na kimejaa tele, kilichoziba ni mlango wa kutokea.

Walio karibu zaidi na chumba changu ni Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope. Mwaka 1986 waliandika kwamba hofu ya darasa la lugha ni hofu ya aina yake. Mtu anaweza kuwa shupavu kwenye hesabu na historia, akafika kwenye somo la lugha ya kigeni akatetemeka. Waliihusisha na mambo matatu: woga wa kuzungumza na watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Wakatunga dodoso la sentensi 33, kila moja inajibiwa kwa ngazi tano, kutoka nakubali kabisa hadi sikubali kabisa.

Nimeshinda kutwa nzima nikilitafsiri na nimekwama kwenye neno lenyewe. Wasiwasi? Wasiwasi wetu una shaka ndani yake, ni wa mtu asiyekumbuka kama amefunga mlango. Woga ni tabia, ukimwambia mgumu ana woga umemtukana. Hofu ni nzito mno kwa jambo la darasani. Aibu inakuja baada ya kosa, na hawa wanaumwa kabla ya kukosea. Nikafika kwenye haya, hapo nikaweka kalamu chini. Haya kwetu ni sifa. Mtoto asiye na haya ni mtoto aliyelelewa vibaya. Kwa hiyo ninapomwambia binti wa cherehani aache haya, namwambia avue kitu ambacho mama yake alimvisha kwa makusudi.

Wiki ya 2, Alhamisi

Mama Batiki amenitatulia: "Andika tu 'moyo unanienda mbio', nani hajui?" Tumeandika hivyo.

Kujaza kulichukua kipindi chote. Mzee nilimsomea pembeni kwa sababu miwani ameisahau. Kasoro ya kwanza: wengi wamekubali kila sentensi. Wamenikubalia mimi, kwa heshima. Dereva alikubali kwamba anatetemeka akiitwa na akakubali pia kwamba anajiamini sana akiongea. Nilipomuuliza akasema, "Madamu, si umeandika wewe?"

Kasoro ya pili ni yangu. Nimejumlisha alama usiku, zikanitoa jasho, watu waliokuwa mabubu kabisa wametoka na hofu ya wastani. Baadaye nikagundua sijageuza zile sentensi tisa ambazo kukubali kwake kunaonyesha utulivu. Nimerudia zote kwa mkono, kibatari kikiwaka maana umeme ulikatika.

Jumla sizitilii maanani sana, watu 11 ni wachache. Ila kuna sentensi mbili jirani kabisa, ya 31 na ya 32. Ya 31 inasema naogopa wanafunzi wenzangu watanicheka nikiongea lugha hii. Ya 32 inasema pengine ningejisikia huru nikiwa na wenyewe wenye lugha. Darasa langu limekubali zote mbili kwa nguvu. Wanaotuogopesha ni sisi kwa sisi.

Wiki ya 3, Jumanne

Kuna mwalimu mstaafu kutoka Uingereza anajitolea mjini. Nimemwomba aje, nikapanga kila mtu akae naye dakika tano pale nje chini ya mwembe, mmoja mmoja, mimi nikiwa mbali na nisisikie.

Waliongea. Mgumu wa kwanza, yule wa kuangalia dari, nilimwona anarusha mikono akionyesha jinsi hema linavyofungwa kwenye upepo. Mama Batiki aliuza kitambaa kimoja humo humo kwenye dakika zake tano.

Kisha nikafanya jambo moja la ujanja. Kwa watu watatu wa mwisho nilisogea nikakaa kwenye benchi lile lile, nikijifanya napanga karatasi. Wote watatu walipungua sauti. Kijana mmoja wa mapokezi aligeuka akaniuliza kwa Kiswahili, "Eti madamu, 'luggage' ina wingi?" Alikuwa na mtu anayeweza kumjibu hapo mbele yake, anayeizungumza lugha hiyo tangu alipozaliwa, lakini macho yalikuwa kwangu.

Tulipomaliza nikawauliza. Dereva ndiye aliyelisema vizuri: "Mzungu akijua nimechapia, atakwenda kumwambia nani? Wiki ijayo yuko kwao. Wewe ukijua, kesho Mbuyuni sokoni wote wanajua."

Nimelinakili neno kwa neno. Peter MacIntyre na wenzake watatu, mwaka 1998, walichora piramidi ya utayari wa kuongea lugha ya pili. Chini kabisa wameweka mambo ya kudumu, tabia ya mtu na uhusiano wa jamii na jamii. Juu, karibu na kufungua mdomo, wameweka mambo ya papo hapo: kujiamini kwa wakati ule, na hamu ya kuongea na mtu yule maalumu. Mtu yule maalumu. Mimi nimekuwa nikiuliza kwa nini hawa hawaongei Kiingereza, kana kwamba wanaongea hewani.

Wiki ya 3, Alhamisi

Kipindi kifupi, wamekuja sita, mvua.

Nami niandike langu. Nilimaliza la saba kwa Kiswahili kama watoto wengi wa shule za serikali, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya masomo. Miezi michache baadaye, kidato cha kwanza, kila somo limegeuka isipokuwa Kiswahili chenyewe. Shule niliyosoma ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, na unakivua pale tu utakapomnasa mwenzako. Siku moja kilinikuta asubuhi na nikashinda nacho hadi jioni, kwa sababu sikuwa na moyo wa kumchongea mtu. Sikumbuki neno lolote la Kiingereza nililojifunza siku hiyo. Nakumbuka kwamba nilijifunza kunyamaza, na kwamba waliokuwa wananisikiliza kwa makini zaidi walikuwa marafiki zangu.

Nilipowasimulia, mgumu mmoja alisema kwao kulikuwa na fuvu la ng'ombe. Wengine wakacheka, yeye hakucheka.

Wiki ya 4, Jumanne

Kosa la mradi hadi sasa, nami ndiye nimelifanya.

Binti wa cherehani alisimama bila kuitwa, kwa mara ya kwanza. Alikuwa anasimulia habari za dada yake aliyeolewa Rombo, akasema "he", akaendelea na "he". Kiswahili kina "yeye" moja tu, haijali ndevu wala kanga, hivyo kila Mswahili hupita kwenye shimo hilo. Sijui nini kilinisukuma. Nikamkata katikati: "She." Akasema "she", akaendelea, akarudi "he", nikamkata tena. Vijana wa mapokezi wakaanza kuhesabu kwa vidole. Akakaa, na hakusema neno tena mpaka tunafunga.

Roy Lyster na Leila Ranta, 1997, walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada. Waliona kwamba njia waliyoipenda zaidi walimu ni kuirudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na kwamba hiyo hiyo ndiyo iliyozaa marekebisho machache kuliko nyingine. Nilishalisoma hilo kabla ya kuanza mradi, na hata nililipigia mstari. Basi mwalimu aliyesoma yote hayo akashindwa kuvumilia "he" mbili.

Wiki ya 4, Alhamisi

Binti hakuja.

Wiki ya 5, Jumanne

Hakuja tena. Nimepita kibandani kwake, akanipokea vizuri, "Shikamoo madamu, kazi zimenibana." Kwenye cherehani kulikuwa na nguo moja. Nikamwachia kitambaa changu cha gauni, angalau hiyo itanipa sababu ya kurudi.

Darasani nimejirekodi mimi mwenyewe. Mwanasayansi wa elimu Mary Budd Rowe aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujijibu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaokaa kimya huanza kusema. Nikasema, mimi ni mvumilivu. Nimesikiliza rekodi. Mimi si mvumilivu. Nauliza, napumua, najijibu. Pengine namwongezea na "eeh?" ya kumharakisha.

Sasa nahesabu vidole nyuma ya mgongo, moja hadi tano. Kimya cha sekunde tano chumbani ni kirefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Mara ya pili Mama Batiki akajibu kwenye kidole cha nne.

Wiki ya 6, Jumanne

Mimi ni mtu wa Tabora, Kichaga changu hakifiki mbali. Leo nikatangaza kwamba dakika 20 za kwanza mwalimu ni mzee wa Uru na mwanafunzi ni mimi, nijitambulishe kwa Kichaga mbele ya wote.

Nimechekwa. Nimechekwa kama sijachekwa tangu kibao. Nilichanganya salamu, nikarudia, nikaongeza kosa. Mgumu wa Rombo akasema hicho si Kichaga hata kidogo, wa Machame akasema cha Rombo ndicho si Kichaga, mzee akawanyamazisha wote akasema Kichaga ni cha Uru. Ugomvi wa dakika kumi, mimi nimesimama pale na moyo unanienda mbio kweli kweli, mikono imeloa. Nimelielewa dodoso lile kuliko nilipolitafsiri. Nilikuwa na maneno mawili nayajua vizuri na yote yaliniruka. Ukisimama unajikagua kila silabi, akili inayotakiwa kutafuta neno imeshikwa na kazi ya kuwatazama watu nyuso.

Tulipogeukia Kiingereza, kitu kilikuwa kimelegea. Sita walisimama, na mzee alikuwa mmoja wao, sekunde 50. Mtu alipochapia walicheka, na aliyechapia akacheka nao. Sitaki kukiita kicheko kile dawa, lakini hakikuwa kile cha wiki ya kwanza.

Wiki ya 6, Alhamisi

Dereva kaja na hoja yake: tuanze kila kipindi na mbege, ndimi zitafunguka. Wote wakaunga mkono isipokuwa mzee, ambaye mbege kwake ina wakati wake na watu wake. Nikawaambia kwamba jambo hilo liliwahi kupimwa. Mwaka 1972 Alexander Guiora na wenzake waliwanywesha Wamarekani pombe kiasi kidogo kisha wakawatamkisha maneno ya Kithai, na waliokunywa kile kidogo walitamka vizuri zaidi. Maelezo yake ni kwamba kila mtu ana nafsi iliyojengwa ndani ya lugha yake, na pombe iliilegeza ile ngome. Nikajuta kuwaambia. Dereva sasa ananiita kwa jina la profesa huyo.

Wiki ya 7, Alhamisi

Hili sikulitegemea, na sijalikuta kwenye karatasi nilizosoma.

Kijana wa mapokezi, yule mkimya, alibaki baada ya kipindi. Anasema hana shida na wageni vijana. Shida yake ni wazee. Anaingia bibi wa miaka 70 na mkongojo, anajitambulisha kwa jina lake la kwanza, anataka aitwe hivyo hivyo. "Madamu, natafuta shikamoo haipo. Nikisema 'hello' naona kama nimemkosea, basi natabasamu tu." Tabasamu lake bosi wake amelitafsiri kuwa hajui Kiingereza, na amehamishiwa zamu ya usiku.

Niliposimulia darasani, wakafunguka. Mgumu anasema hawezi kumwambia mzee wa kizungu "drink water" hata akimwona anaishiwa nguvu mlimani, kwa sababu humwamrishi mtu mzima. Mama Batiki hawezi kumtajia mteja bei bila kwanza kumuuliza habari za safari na za watoto, na Kiingereza alichofundishwa kinaanza na bei.

Na humu humu darasani: vijana hawathubutu kumaliza sentensi ya mzee akikwama, mzee naye hawezi kukosea mbele ya kijana ambaye baba yake anamfahamu. Nimewapanga upya. Mzee yuko na Mama Batiki, wanapishana miaka michache tu. Wagumu wako pamoja. Wa mapokezi nimewatenganisha kwa sababu ya ile habari ya vidole.

Kwa wageni wazee tumekubaliana hivi: inamisha kichwa kidogo, sema "welcome" polepole, na shikamoo iseme moyoni. Kijana ameijaribu. Anasema inafanya kazi, hasa kuinamisha kichwa.

Wiki ya 8

Siku mbili zote za kawaida. Sekunde zinapanda, sina cha kuongeza. Mlima umeonekana Alhamisi asubuhi, mweupe hadi chini zaidi ya kawaida.

Wiki ya 9, Jumanne

Tumeanzisha kundi la WhatsApp lenye sharti moja: sauti tu, maandishi hapana, na unaruhusiwa kufuta na kurekodi upya. Ni ile stoo ya saruji, ila mlango umeachwa wazi kidogo. Kwanza mtu anajisikia mwenyewe, ndipo anatusikilizisha. Mgumu mmoja amekiri alirekodi mara 11 kabla ya kutuma sekunde 15.

Binti wa cherehani nimemwingiza kwenye kundi. Anasikiliza kila sauti, alama zinaonyesha. Hajatuma.

Wiki ya 10, Alhamisi

Juni imeingia na wagumu wameondoka, watatu kwa mpigo. Darasa limebaki watu watano na ndoo nyingi tupu. Nilijua hili lingekuja, ndiyo maana nilianza masika, lakini linauma vile vile. Vipimo vya mwisho vitakuwa vya waliobaki tu, na waliobaki ni wale ambao pengine wangesonga mbele hata bila mimi. Dodoso la pili likitoka zuri sitajua limetokana na nini. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu.

Usiku, sauti kutoka mlimani. Mgumu wa dari. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, ilikatika mara mbili. Anasema wako kambi ya Barafu, kesho usiku wageni wanakwenda kileleni, kuna baridi, mgeni mmoja amekataa kula, na yeye amemwambia ale. Amemwamrisha kwa Kiingereza. Nyuma ya sauti yake unasikia wagumu wenzake wanamcheka, mmoja anamwambia "Kaka, umeshakuwa kiongozi?" Na yeye anaendelea kuongea.

Nimeirudia kuisikiliza pale pa kicheko.

Wiki ya 11, Jumamosi

Nimepanda Uru shambani kwa mzee, kwa mwaliko wake. Kulikuwa na wageni wanne na kiongozi wao, kijana wa mjini mwenye Kiingereza cha kuteleza. Huyo ndiye niliyekuwa namhofia. Mzee akiwa na wageni peke yao namjua, nina dakika nne za ushahidi. Akiwa na Mtanzania anayejua zaidi yake pembeni, sijui.

Mimi nilikaa jikoni na mama wa nyumba, nikimenya ndizi, dirisha liko wazi. Alianza kwa sauti ndogo. Kwenye kumenya kahawa kiongozi akadakia na kutafsiri alichokuwa anataka kusema, kwa nia njema kabisa. Mzee akanyamaza. Nikahesabu vidole, ndizi mkononi: moja, mbili, tatu. Kwenye cha sita mzee akasema kwa Kiswahili, kwa upole, "Mwanangu, ngoja nimalize." Kisha akamaliza kwa Kiingereza, vitenzi vyake vyote wakati uliopo, mpaka kwenye chungu, mpaka kwenye wimbo. Wageni wakaimba naye. Na kijana akaimba.

Mama wa nyumba akaniuliza, "Anaongea kweli au anawadanganya?"

Wiki ya 12, Alhamisi

Siku ya mwisho. Wamefika sita, mgumu mmoja karudi. Zoezi la kwanza tena: simama mbele, dakika moja. Watano wamevuka. Dereva alisimama dakika tatu na tukalazimika kumkalisha. Wa mapokezi, yule wa kuhesabu vidole, alikwama sekunde ya 30 na hakuna aliyeguna.

Dodoso la pili wamejaza sita. Sentensi ya 31 imeshuka kwa wanne, haijasogea kwa mmoja, na kwa Mama Batiki imepanda. Nilimuuliza kwa nini. "Zamani nilikuwa siongei, sasa wanacheka nini?" Ana haki. Awamu ijayo, kama chumba kitapatikana tena, nitapima mara nyingi zaidi ya mbili.

Nyongeza, siku nne baadaye

Nimekwenda kuchukua gauni. Mwenye kibanda hakuwepo, binti alikuwa peke yake. Nikamsalimia, nikauliza bei kwa Kiswahili. Akainama anakunja nguo, akajibu kwa Kiingereza, bila kuniangalia, kwamba ni "fifty thousand".

Nilishika ulimi. Nikahesabu nyuma ya mgongo. Kwenye cha tatu akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo, akacheka, akasema "fifteen! Fifteen thousand", kisha akaongeza kwamba kola ameibadilisha kwa sababu ile niliyotaka ingenibana, na kwamba dada yake wa Rombo amejifungua, "she has a boy". Hapo akaniangalia.

Mwenye kibanda akaingia na kikapu cha sokoni. Binti akasema, "Ni elfu kumi na tano, madamu." Nikalipa, nikachukua gauni langu.